Miradi mitano, mabosi wawili, fundi mmoja

Dada mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na laptopu iko mapajani. Mimi ni msimamizi wa miradi katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao 400. Miaka miwili iliyopita nilianza na mradi mmoja. Leo ninayo mitano kwa mkupuo, na maji yamenifika shingoni.

Wa kwanza ni kuhamisha mishahara na kumbukumbu za wafanyakazi kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Wa pili ni kubadilisha kompyuta 160 zilizochakaa. Wa tatu ni kuwawekea wafanyakazi wote uthibitishaji wa hatua mbili kwenye baruapepe na mifumo mingine, yaani mtu aweke nenosiri kisha athibitishe tena kwa simu yake. Wa nne ni kuajiri waandaaji programu wanane, waungane na sita tulionao. Wa tano nimeongezewa mwezi uliopita: nisimamie wafanyakazi wa mkataba 12 tuliowapata kupitia wakala wa ajira. Mikataba yao inaisha kwa tarehe tofauti, na kila mkuu wa idara anataka wa kwake aongezewe muda.

Nina mabosi wawili, mkurugenzi wa TEHAMA na mkurugenzi wa rasilimali watu. Kila mmoja akinipigia simu husema mradi wake ndio wa kwanza. Nami kila mmoja humjibu, "Sawa, bosi."

Wiki iliyopita mwandaaji programu wa kwanza kati ya wale wanane aliripoti kazini. Tulimtafuta kwa miezi mitatu. Jumatatu asubuhi nilimkaribisha, nikamwonyesha meza yake, na mezani hapakuwa na kompyuta. Anayeandaa kompyuta na kufungua akaunti ni fundi wetu wa mifumo peke yake, na siku hizo alikuwa amezama kwenye data za mishahara. Jumanne kijana alisoma mwongozo wa wafanyakazi. Jumatano akausoma tena. Alhamisi alinijia taratibu akaniuliza, "Dada, kweli mnanihitaji?" Niliingia chooni nikalia.

Siku hiyohiyo nikagundua kwamba majaribio ya mfumo mpya wa mishahara yamewaacha watu 11 bila malipo ya saa za ziada. Taarifa ilikuwa kwenye baruapepe yangu tangu siku mbili nyuma. Sikuiona.

Ninayo lahajedwali yenye mistari 212 ambayo naisasisha kila usiku. Kwenye ripoti ya wiki naipaka miradi yote rangi ya kijani, kwa sababu nikiweka njano naitwa kujieleza. Mume wangu anasema niache kazi hii kabla haijaniua.

Naomba unisaidie. Je, kuna programu ya kusimamia miradi ambayo ingeniokoa? Niombe wasaidizi wawili? Au nikubali tu kwamba kazi imenishinda?

Ni mimi,
Niliyeelemewa

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi. Nilipigia mstari neno moja: "peke yake". Uliliandika katikati ya sentensi kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu barua nzima imo humo.

Niliwahi kusimamia miradi saba kwa wakati mmoja. Jumamosi moja nilikaa sakafuni nyumbani, nikakata vipande vya karatasi. Kila mradi nikaupa kipande, na chini yake nikaandika majina ya watu ambao bila wao mradi haujongei. Nilitarajia kuona majina mengi. Niliona jina la mtaalamu wetu wa hifadhidata chini ya miradi sita. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu shughuli na tarehe, sikuwa nimewahi kuhesabu watu. Nilidhani nina miradi saba, kumbe nina foleni moja ndefu mbele ya mlango wa mtu mmoja, na kila asubuhi mimi mwenyewe ndiye niliyeirefusha.

Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Iache ile lahajedwali. Chukua karatasi tano, andika majina. Nina hakika fundi wako wa mifumo atatokea kwenye zote: data za mishahara ni zake, kompyuta 160 ni zake, uthibitishaji ni wake, akaunti za waajiriwa wapya ni zake, na mtu wa mkataba anapoondoka anayemfungia akaunti ni yeye. Sasa muulize, kwa upole na faraghani, ana kazi ngapi alizozianza na hajazimaliza. Usimuulize ana kazi ngapi kwa jumla. Zilizoanzwa ndizo zinazomla.

Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na nimeitumia mara nyingi kuliko programu yoyote. Muda ambao kazi hukaa mikononi mwa mtu, kwa wastani, ni idadi ya kazi alizoshika ukigawanya kwa idadi anazomaliza kwa wiki. Tuseme fundi wako anamaliza kazi nne kwa wiki na ameshika 20. Kila moja itamchukua wastani wa wiki tano. Mwachie nane tu mikononi, na kwa mwendo uleule kila aliyoianza itatoka baada ya wiki mbili. Zile 12 hazijapotea, zimesimama mlangoni. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu anaziona zimesimama, na mwenye mamlaka anaweza kusema ipi iingie. Kompyuta ya yule kijana ingekuwa mlangoni tangu wiki mbili kabla, na mtu angeuliza.

Na usijaribu kumjaza fundi huyo asilimia 100 ya wiki yake. Najua inaonekana kama ndiyo kazi yako, kuhakikisha hakuna anayekaa bure. Lakini katika hesabu rahisi ya foleni, pale ambapo kazi huingia bila mpangilio, mtu aliyejazwa asilimia 80 hukusubirisha mara nne ya muda ambao kazi yenyewe ingemchukua. Ukimsukuma hadi asilimia 90, kusubiri kunafika mara tisa. Ile nafasi unayoiona tupu kwenye ratiba yake ndiyo inayopokea mambo ambayo hayakupangwa, na kwenye TEHAMA hakuna wiki isiyo na jambo ambalo halikupangwa.

Sasa tuje kwa mabosi wako, maana hapo ndipo mzigo ulipokuzidi. Wewe huna mamlaka ya kusema mishahara itangulie ajira, wala ajira itangulie mishahara. Wao wanayo. Lakini kwa kumjibu kila mmoja "sawa, bosi", umebeba uamuzi wao mgongoni, na unaufanya kila siku kwa siri, kwa kuangalia nani amepiga simu mwisho. Sikulaumu. Nimelisema jibu hilo miaka mingi, na najua linavyotoka mdomoni kabla hujafikiri. Hata hivyo lazima uliache.

Omba nusu saa, wote wawili chumba kimoja. Usikubali kuonana nao mmoja mmoja, hata wakisema hawana nafasi. Ukionana nao mbalimbali utatoka na majibu mawili. Nenda na ukurasa mmoja wenye majina ya watu upande mmoja na siku za wiki upande mwingine, ionekane fundi anaitwa wapi. Wala usiwaulize mradi upi ni muhimu zaidi. Watasema yote ni muhimu, na watakuwa wakweli. Waulize hivi: "Fundi akiwa na siku moja tu wiki hii, aitumie kwa lipi? Akipata ya pili?" Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakutisha. Kiache kifanye kazi. Wakishindwa kukubaliana, waombe wampelekee aliye juu yao wote wawili, na wewe usiwe mpatanishi. Jioni hiyohiyo waandikie baruapepe ya mistari mitano: tumekubaliana hili ni la kwanza, hili la pili, hili linasubiri hadi tarehe fulani. Simu ya kwanza ya "huu wangu ndio wa kwanza" ikiingia, unayo ya kujibu bila kugombana na mtu.

Wanaweza kukuuliza wewe ungepanga vipi, kwa hiyo nenda na maoni. Yangu ni haya.

Mishahara ndiyo ya kwanza, wala sioni mjadala hapo. Kompyuta ikichelewa mtu hukasirika, ila mshahara ukikosewa familia inalala na wasiwasi. Na hao watu 11 wasikutie aibu. Majaribio yaliyowakamata yamefanya kazi yake. Aibu ingekuwa kuwagundua siku ya malipo. Endesheni mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa angalau miezi miwili ya malipo, mlinganishe matokeo mtu kwa mtu, hadi senti ya mwisho. Jumla peke yake isikuridhishe, kwa sababu aliyezidishiwa na aliyepunjwa wanaweza kufutana na jumla ikaonekana safi. Wachunguze hasa wenye mambo yasiyo ya kawaida: aliyeanza kazi katikati ya mwezi, aliye likizo bila malipo, anayekatwa mkopo, mwenye malimbikizo, aliyeacha kazi wiki iliyopita. Makosa hujificha kwao. Andikeni leo, kabla joto la tarehe halijapanda, masharti ya kuwasha mfumo mpya na nani atakayesema bado. Pia kuwe na njia iliyojaribiwa ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, na msiuwashe wiki ya malipo wala wakati wa kufunga hesabu za kodi za mwaka.

Kompyuta na uthibitishaji ungeviunganisha. Mtu anapokabidhiwa kompyuta mpya, yuko mbele ya fundi na simu yake mkononi, basi awekewe uthibitishaji palepale. Safari moja badala ya mbili, na usumbufu mmoja kwa mfanyakazi. Kuna tahadhari moja: wenye mamlaka makubwa kwenye mifumo na wanaoshika fedha na mishahara wasisubiri kompyuta, wawekewe kwanza, kwa sababu akaunti zao ndizo zenye hatari kubwa. Wasiopata kompyuta mpya wafuate kwa zamu, idara baada ya idara. Hapo miradi mitano imekuwa minne.

Waandaaji programu nao ni habari nyingine. Naona unaharakishwa uwapate wote wanane upesi, na huenda kuna kazi iliyochelewa ambayo wanatarajiwa kuiokoa. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kumpokea mgeni kazini: anayemfundisha ndiye aliyekuwa akifanya kazi. Halafu mawasiliano yanaongezeka. Watu sita wana njia 15 za mmoja kuzungumza na mwenzake. Watu 14 wana njia 91. Waombe wakubali kuwapokea wawili wawili, na wawili wanaofuata waje pale waliotangulia wameshaanza kutoa kazi. Watakuambia wagombea wazuri hawasubiri. Ni kweli, lakini wengi wao wana notisi ya kutumikia walikotoka, kwa hiyo tarehe za kuripoti unaweza kuzipanga mapema na kuziandika kwenye barua ya ajira.

Wale 12 wa mkataba nitawapitia haraka, japo usiwadharau. Panga tarehe zao za mwisho kwenye kalenda moja, na mbele ya kila jina andika mradi utakaoyumba akiondoka. Uamuzi wa kuongeza muda au kutoongeza utolewe wiki sita kabla. Mtu anayebaki bila jibu hadi wiki ya mwisho huwa ameshaanza kutafuta kwingine, na ana haki. Mkuu wa idara akitaka kumwajiri moja kwa moja, soma kwanza mkataba wenu na wakala, kwa kuwa mikataba mingi ya aina hiyo ina kifungu cha ada. Na makabidhiano yasiwe ya kuandika kurasa ambazo hakuna atakayezisoma: anayebaki aifanye kazi kwa mikono yake huku anayeondoka akimtazama. Siku ya mwisho, akaunti zifungwe siku hiyohiyo.

Umeuliza kuhusu wasaidizi wawili. Kwa sasa hapana: mtakuwa watatu mnaosubiri fundi mmoja. Omba kitu kidogo zaidi. Omba mtu mmoja wa dawati la msaada apewe mamlaka yenye mipaka ya kufungua akaunti na kuandaa kompyuta, na nakala ya hatua zenyewe, fundi amsimamie kwa mara tatu za kwanza kisha amwachie. Fundi atasema ni haraka akifanya mwenyewe. Leo, ndiyo. Ila neno "peke yake" lisipotoka kwenye barua yako, hata akiugua mafua siku tatu kampuni nzima itaugua naye.

Programu ya kusimamia miradi? Yoyote unayoijua inatosha. Hakuna inayoweza kumwambia mkurugenzi asubiri.

Kuhusu wewe mwenyewe, ile baruapepe ya siku mbili haikukuponyoka kwa uzembe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza, na ya pili anaifanya vibaya zaidi. Wewe unaruka mara ngapi kwa siku? Jaribu kuipa miradi nusu siku nusu siku, na simu zisizo za dharura zisubiri nusu yake. Utafiti aliofanya baadaye na mwenzake, uliotoka mwaka 2018, uligundua jambo rahisi ambalo nalitumia hadi leo: kabla hujaacha kazi, tumia dakika moja kuandika umefika wapi na utaanzia wapi ukirudi. Akili hukubali kuiachia. Na kubaliana na timu zako kwamba habari mbaya haiji kwa baruapepe peke yake. Inakuja kwa simu au kwa miguu, siku ileile, na atakayeileta atashukuriwa.

Hapo nakufikisha kwenye rangi ya kijani. Dada yako nakuomba, iache. Kila ulipoipaka uliwanyima mabosi wako nafasi ya kukusaidia, na wao wakaongeza mradi wa tano kwa sababu walisoma kwamba minne inakwenda vizuri. Wangejuaje? Ripoti ya wiki hii weka njano kwenye mishahara, na kando yake mistari miwili: watu 11, chanzo kinatafutwa, jibu litapatikana siku fulani. Ukiitwa kujieleza, nenda na ule ukurasa wa majina. Kujieleza kwa njano ni kazi ya nusu saa. Nyekundu iliyojificha chini ya kijani miezi minne ndiyo inayofukuzisha watu.

Mwambie shemeji anisamehe, bado sijakubaliana naye. Anaona unavyochoka na anakupenda, na ana haki ya kuogopa. Mwombe miezi mitatu. Kama baada ya kikao hicho wakubwa wako watakataa kuchagua, na wakaendelea kukutaka uchague wewe kisha ulaumiwe wewe, basi yeye atakuwa ameona mbele kuliko mimi, na utaondoka ukijua si kazi iliyokushinda.

Amebaki yule kijana. Kesho, kabla hujafungua laptopu, nenda mezani kwake. Mwambie ukweli kwamba mlimhitaji na mkampokea vibaya, na umtake radhi. Kisha mwombe akuandikie kila kitu alichokikosa tangu Jumatatu ile, kwa mpangilio alivyokikosa: kompyuta, akaunti, nenosiri, ruhusa za kuingia kwenye mifumo, mtu wa kumuuliza, kazi ya kwanza ya kushika. Hakuna mtu hapo kwenu anayeijua orodha hiyo kuliko yeye. Mpe yule wa dawati la msaada aifuate wiki mbili kabla ya kila anayekuja. Wamebaki saba. Wa pili akiripoti, niandikie alikuta nini mezani.